Wiki ya saba bila jibu baada ya usaili wa kampuni kubwa: je, nilifeli?

*"Shikamoo. Nina miaka 27, nina shahada ya ununuzi na ugavi, na kwa sasa nafanya kazi ya mkataba wa muda stoo, katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Niliomba nafasi ya ofisa ugavi katika kampuni moja kubwa. Nilifanya jaribio kwenye kompyuta, nikahojiwa kwa simu na mtu wa Dar es Salaam, kisha nikaitwa hotelini mjini mbele ya jopo la watu watano kwa muda wa dakika 50 hivi. Mmoja alikuwa anaandika tu, hakuniangalia usoni hata mara moja. Mwingine aliniuliza kama nimeolewa na natarajia kuzaa lini. Nilipoulizwa mshahara ninaoutaka nilijibu 'wowote mtakaoona unafaa'. Waliniambia nitajulishwa ndani ya wiki mbili. Leo ni wiki ya saba na sijasikia neno. Kaka yangu anasema nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo, sisi tuliitwa kukamilisha hesabu. Juzi kuna mtu alinipigia, akasema ni wa kampuni hiyo na anataka shilingi 150,000 za vipimo vya afya ili jina langu lisirukwe. Hapo hapo kiwanda kinanitaka nisaini mkataba mpya wa mwaka mmoja. Je, nilifeli? Nisubiri, nipige simu, au nisahau?"*

Marahaba, binti. Umeuliza mengi kwa pamoja na nitajitahidi nisiache hata moja, lakini naanza na lile la haraka: hiyo shilingi 150,000 usiitume, na kama umeshaahidi kuituma, ahadi hiyo haikufungi. Kampuni kubwa inapotaka kupima afya ya mtu kabla hajaanza kazi, humpa barua ya kwenda kwenye hospitali au zahanati ambayo yenyewe imeingia nayo makubaliano, na ankara hupelekwa kwao. Tena vipimo hivyo huja baada ya mwombaji kupewa barua ya ajira yenye masharti, wakati wewe hujapata hata barua pepe ya mstari mmoja. Usishangae kwamba huyo mtu alijua jina lako na nafasi uliyoomba. Orodha za walioitwa kwenye usaili husambaa katika makundi ya WhatsApp, na nakala za wasifu na vyeti tunaziacha kwenye kompyuta za steshenari tunakokwenda kuchapa bila kukumbuka kuzifuta. Itume namba yake kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kupokea taarifa za utapeli wa simu, kisha uwapigie kampuni wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye barua ya kwanza waliyokuandikia, usitumie namba atakayokupa yeye.

Sasa tuje kwenye lile linalokunyima usingizi. Chini ya maswali yako yote naona swali moja: je, ukimya huu ni hukumu juu yako? Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi, katika majopo ya kampuni za madini, za usafirishaji na za vyakula huku Kanda ya Ziwa, na jibu langu ni kwamba ukimya wa wiki saba unaeleza namna kampuni kubwa inavyofanya kazi kuliko unavyoeleza jinsi ulivyojibu maswali. Naomba nikupitishe humo ndani kidogo, kwa sababu ukishapaona hutahitaji kubahatisha.

Ulipokaa hotelini ukiwatazama wale watu watano, uliona kwamba hao ndio kampuni. Kumbe wale ni pingili moja tu katika mnyororo mrefu. Kabla hujaliona tangazo, mkuu wa idara aliomba nafasi, watu wa fedha wakaidhinisha bajeti yake, na idara ya rasilimali watu ikaandika sifa. Maombi yalipokuja, mara nyingi aliyeyachuja mwanzo hakuwa mtu wa stoo wala wa ugavi. Alikuwa wakala aliyekodiwa, au programu ya kompyuta inayotafuta maneno fulani katika wasifu, mfano usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Jaribio la kompyuta likapunguza wengine. Yule wa simu kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba uliyoandika ni kweli na kwamba unaweza kuongea. Jopo likatoa alama, mtu akaandika ripoti, ripoti ikasubiri saini ya bosi ambaye huenda yuko safarini, na katika kampuni za kimataifa huenda ikavuka bahari ikasubiri saini nyingine huko. Wadhamini wako wakapigiwa simu, au bado.

Baada ya hapo ndipo linapokuja jambo ambalo wasailiwa wengi hawalijui. Kampuni humwita wa kwanza katika alama, nayo inakaa kimya kabisa kwa wa pili na wa tatu. Huyo wa kwanza huomba siku chache za kufikiri, anajadiliana mshahara, anapewa barua, anapimwa afya, halafu anakwenda kuacha kazi alikokuwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Jumlisha wiki moja ya saini, moja ya majadiliano, moja ya vipimo, na hizo nne za notisi, utaona wiki saba zimekwisha bila mtu yeyote kuzembea. Katika muda wote huo, yule wa pili haambiwi kwamba amekosa, kwa kuwa wa kwanza anaweza kugeuka siku ya mwisho, mwajiri wake wa zamani akamwongezea mshahara naye akabaki. Haambiwi pia kwamba yuko akiba, kwa kuwa hakuna ofisa rasilimali watu anayependa kuandika barua ya namna hiyo. Ni desturi mbaya, na nimeipigia kelele ndani ya vikao bila mafanikio makubwa, lakini ndivyo ilivyo.

Niliwahi kushuhudia wa pili akipigiwa simu katika wiki ya kumi na moja. Kijana yule, baada ya kusumbuliwa na matapeli kama huyu wako, alimjibu dada wetu wa rasilimali watu kwa maneno makali akakata simu, na ilibidi tumwandikie barua pepe kumweleza kwamba safari hii ni kweli. Aliajiriwa. Sikusimulii haya ili ukae ukisubiri simu hadi wiki ya kumi na moja. Zipo kampuni ambazo ukimya wao ndio jibu lao, hawamwandikii aliyekosa hata siku moja, na kwa macho yangu hizo ni nyingi kuliko zinazoandika. Kwa hiyo leo uwezekano ni wa aina tatu, kwamba umekosa, kwamba uko akiba, au kwamba mambo yamekwama mezani kwa mtu, na kutoka mahali ulipo huwezi kuzitofautisha aina hizo tatu kwa kukumbuka sura za wasaili.

Hilo linanipeleka kwa yule aliyekuwa anaandika bila kukuangalia. Wasailiwa wengi humchukulia huyo kuwa ndiye aliyewakataa. Mara nyingi ndiye aliyekuwa anakutendea haki kuliko wenzake. Kampuni kubwa siku hizi hutumia usaili wenye muundo: waombaji wote huulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila jibu hupewa alama kwenye fomu, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5, kwa kulinganishwa na maelezo yaliyoandikwa kabla ya siku hiyo. Asiyeandika maneno yako wakati huohuo, jioni baada ya watu nane atakuwa amebakiwa na picha ya nguo zako na sauti yako, na atatoa alama kwa hizo.

Utaratibu huo haukuletwa na fasheni. Mwaka 1922 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Hollingworth, alieleza jaribio ambalo mameneja mauzo 12 waliwasaili waombaji walewale 57, kila meneja kwa namna yake, kisha wakawapanga kwa ubora. Orodha zao zilipishana vibaya, mwombaji mmoja akiwekwa karibu na juu kabisa na huyu, na karibu na mkiani na yule. Karne moja baadaye, mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti nyingi zilizokusanywa juu ya njia za kuchagua wafanyakazi, wakakuta usaili wenye muundo unahusiana na utendaji wa mtu kazini kwa kiwango cha 0.42, na usaili wa maongezi huru kwa 0.19, ambapo sifuri ni bahati nasibu na moja ni kutabiri bila kukosea. Usaili wenye muundo ndio uliokuwa juu ya njia zote walizozilinganisha. Iangalie tena hiyo 0.42, binti. Njia iliyo bora kuliko nyingine zote bado iko mbali na moja, maana yake watu wanaofaa hukosa kila siku na wasiofaa hupita, hata pale ambapo hakuna aliyefanya hila. Anayekosa nafasi baada ya dakika 50 hajapimwa utu wake, wala hata uwezo wake wote haujapimwa.

Hata hivyo nisikufariji kupita kiasi. Kuna kosa moja ambalo nimeliona kwa waombaji wetu wa huku zaidi ya jingine lolote, nami nashuku kwamba na wewe ulilifanya, kwa sababu linatokana na malezi mazuri. Tumefundishwa kwamba mtu mwenye adabu hajisifu. Ukiulizwa, "Tueleze wakati ulipogundua upotevu stooni na ulichofanya," unajibu, "Tuligundua kwamba hesabu hazilingani, tukashirikiana na uongozi, tukalitatua." Ni jibu la mtu mstaarabu, na mbele ya wazee ukweni lingependeza. Lakini msaili ana kalamu na fomu, na fomu inamuuliza *wewe* ulifanya nini. "Tulitatua" haina alama. Nimekaa na wasaili waliojua kabisa kwamba binti aliye mbele yao ndiye aliyeifanya kazi, na bado wakaandika 2, kwa kuwa hakuna neno lake lililowaruhusu kuandika 4.

Jibu hilohilo lingeweza kuwa hivi: "Mwezi huo hesabu ya vifungashio kwenye kompyuta ilizidi hesabu ya mkono kwa maboksi 300. Mimi ndiye niliyekuwa napokea mizigo ya mchana, hivyo nilichukua hati za kupokelea za wiki tatu, nikazilinganisha moja moja na kitabu cha mlinzi wa getini, nikaona mzigo mmoja umeingizwa mara mbili zamu zilipobadilishana. Nilimwandikia msimamizi, nikapendekeza kila hati iwe na saini ya anayekabidhi na ya anayepokea. Miezi miwili iliyofuata hesabu zililingana." Hapo hujajisifu hata kidogo. Umetaja hali, sehemu yako, ulichofanya na kilichotokea, na kalamu ya msaili imepata cha kuandika. Kama kazi ilikuwa ya wengi, sema ya wengi, kisha taja ipi ilikuwa mikononi mwako. Namba ziwe za kweli, kwa sababu swali linalofuata litakuwa "ulijuaje?", na hapo aliyebuni huanza kutokwa jasho.

Fanya hivi wiki hii, hata kabla hujajua matokeo: kaa na daftari uandike matukio sita au saba kutoka hapo kiwandani. Kazi ya minofu ya sangara ina utajiri ambao nadhani huuoni kwa sababu umeuzoea. Mzigo unaoharibika kwa saa, barafu, chumba cha baridi, umeme unaokatika, lori linalosubiriwa uwanja wa ndege, mkaguzi anayetaka kumbukumbu za joto: anayenunua vipuri vya mitambo hana presha hiyo. Nimeona wasailiwa wakiificha kazi yao ya kiwandani kana kwamba ni aibu, wakaongea juu ya nadharia za chuoni ambazo kila mwombaji anazo.

Kuhusu hatua kuwa nyingi, nitasema kidogo. Google walipochunguza takwimu zao wenyewe waliona kwamba baada ya mahojiano manne, ya tano na kuendelea hayakuongeza cha maana katika kuamua. Wewe umepita hatua tatu, ambazo ni za kawaida. Kampuni itakayokuita mara saba inaweza kuwa haijui inachotafuta, na hiyo nayo ni habari kwako.

Kaka yako anasema nafasi ilikuwa na mwenyewe. Simwiti mwongo. Kimemo kipo, mjomba yupo, na zipo nafasi ambazo tangazo lake liliandikwa likimtazama mtu mmoja, kwa mfano pale linapodai sifa za ajabu zisizokutana kwa watu wawili. Yapo pia mazingira ambayo si ya hila: mtu wa ndani amekaimu nafasi hiyo mwaka mzima, sera ya kampuni inataka itangazwe wazi, naye anashindana nanyi akiwa tayari anaijua kazi. Hapo ni vigumu kumshinda, lakini si udanganyifu. Ninachopingana nacho ni kulifanya hilo kuwa maelezo ya kila kitu. Kuwaweka watu watano hotelini kutwa nzima, wengine wakiwa wamesafirishwa, ni gharama, na mkuu wa idara aliyelemewa na kazi hapendi kuipoteza siku yake kwa maigizo. Halafu kuna hasara nyingine ndani ya maneno ya kaka: anayeamini kwamba kila nafasi ina mwenyewe hajiandai, akikosa anapata ushahidi, na mwaka unaofuata hajiandai tena.

Nije sasa kwenye swali la ndoa na uzazi, ambalo halikupaswa kuulizwa. Kifungu cha 7 cha sheria niliyoitaja kinakataza mwajiri kubagua kwa misingi kadhaa, ikiwamo jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia, na kinasema wazi kwamba ulinzi huo unamhusu pia anayeomba kazi, si aliyeajiriwa pekee. Kuna nafuu pale ambapo sifa fulani ni ya lazima kwa kazi yenyewe, lakini sioni kazi ya ugavi inavyoweza kuhitaji mtu asiyeolewa. Mara nyingi anayeuliza anahofia likizo ya uzazi, ambayo kisheria ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Anaihesabu kama hasara yake, nayo sheria imeshamwambia kwamba si sababu ya kumkwepa mwanamke.

Je, ulalamike? Hapa nakupa mizani, uamuzi ni wako. Malalamiko ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapa Mwanza, na migogoro isiyohusu kuachishwa kazi ina muda wa siku 60. Wiki saba ni siku 49. Inawezekana kabisa kubishana kwamba siku hizo zinaanza kuhesabiwa kutoka siku utakayoambiwa umekosa, lakini nisingejiegemeza kwenye mabishano wakati kalenda bado inaruhusu kwenda kuuliza. Kwa upande wa faida, ukionyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea huhamia kwa mwajiri. Kwa upande wa ugumu, swali peke yake halithibitishi kwamba ulikosa kwa sababu hiyo, hujui bado kama umekosa, na huenda wewe unachotaka ni kazi, si kesi. Kitu kimoja usiache kukifanya leo hata ukiamua kunyamaza: andika tarehe, mahali, maneno aliyoyatumia, nani alikuwepo na wewe ulijibu nini. Kumbukumbu iliyoandikwa sasa ina uzito kuliko itakayosimuliwa mwakani.

Siku nyingine ukiulizwa hivyo huna haja ya kugombana wala kudanganya. Jibu hofu iliyo nyuma ya swali: "Ratiba yangu inaniruhusu zamu na safari zinazohitajika kwa nafasi hii. Naomba kujua, safari ni ngapi kwa mwezi?" Msaili mwenye akili ataelewa kwamba umeona alichofanya, na wenzake wanne wataelewa pia.

"Wowote mtakaoona unafaa" ndilo jibu lako ninalolijutia zaidi. Halikukukosesha kazi, sidhani, lakini linaweza kukugharimu hata ukiipata. Ulitaka kuonyesha unyenyekevu, nao wakasikia kwamba hujui thamani ya kazi unayoiomba, na kwa mtu wa ununuzi, ambaye kazi yake ni kujadili bei, hilo halipendezi. Taja kiwango chenye chini na juu, na useme kama unazungumzia mshahara kabla ya makato. Tuchukue mfano wa mshahara wa msingi wa 1,200,000. Mchango wako wa mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa asilimia 10, ni 120,000. Kodi ya mshahara kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ikitozwa kwenye 1,080,000 iliyobaki, ni 152,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 180,000 nyingine. Benki itaingia 748,000. Sasa toa nauli, na kama kituo cha kazi kiko nje ya jiji toa pango la huko, ndipo ulinganishe na unachopata sasa hapo kiwandani. Nimeona vijana wakiacha kazi kwa furaha ya milioni na laki mbili, wakapokea hati ya mshahara wa kwanza na kudhani kwamba wameibiwa.

Basi ufanye nini sasa? Piga simu mara moja tu, andika mara moja tu, na baada ya hapo uwaache. Andika kwa lugha waliyokuandikia, kwa yule aliyekutumia mwaliko wa usaili, maneno machache: kwamba ulisailiwa tarehe fulani kwa nafasi fulani, kwamba uliambiwa utajulishwa ndani ya wiki mbili, kwamba bado unaitaka nafasi hiyo, na kwamba unaomba kujua hatua iliyofikiwa kwa sababu una mkataba mwingine unaopaswa kuusaini kufikia tarehe kadhaa. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kweli kwako na ina nguvu, kwa kuwa inampa ofisa sababu ya kwenda kumuuliza bosi wake. Usitaje tapeli kwa lawama. Sema tu kwamba kuna anayetumia jina lao, wangependa kujua. Usiwatume watu "wakuulizie" ndani. Nimeona majina yakiwekwa pembeni kwa sababu hiyo, na mwenye jina hakuwahi kujua.

Mkataba wa kiwandani mimi ningeusaini, lakini si kabla ya kuusoma ukurasa wa kusitisha. Mkataba wa muda maalumu unaweza kukufunga hadi tarehe yake ya mwisho, na anayeuvunja katikati bila kifungu kinachoruhusu anaweza kudaiwa. Kama kipo kifungu cha notisi ya siku 28 au mwezi mmoja kwa kila upande, saini na uendelee kuomba kazi kwingine. Kama hakipo, omba kiongezwe kabla ya kusaini, kwa utulivu, kama jambo la kawaida ambalo kwa kweli ni la kawaida. Wakikataa, hapo una uzito wa kupima: mwaka mmoja wenye uhakika wa mshahara, dhidi ya uhuru wa kuondoka kwa ajili ya kampuni ambayo haijakuandikia lolote. Msailiwa mwenye akiba ya miezi mitatu anaweza kujibu tofauti na mwenye wadogo zake wanaosubiri ada.

Yapo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na ni vizuri uende mwenyewe. Mkataba huo ukikuchanganya, upeleke kwa Ofisa Kazi au kwa wakili akuonyeshe kifungu kwa kidole. Swali la uzazi, ukiamua kulifuata, lipeleke Tume kabla siku ya 60 haijafika, ukiwa na maelezo uliyoyaandika na mwaliko wa usaili. Na kama tayari ulishamtumia yule mtu fedha, au ulimpa namba ya kitambulisho cha NIDA na picha za vyeti, nenda polisi ukaandikishe leo na uwajulishe mtandao wako wa simu.

Kampuni ikikupigia kweli, omba barua kwanza, iwe na cheo, kituo cha kazi, mshahara wa msingi, muda wa majaribio na tarehe ya kuanza. Isome ukiwa nyumbani. Ukiwa umeshaisaini na wao wameisaini, na vipimo vimeshatoka, ndipo uandike ile notisi ya kiwandani, na tarehe ya kuanza huko iwe imeziachia nafasi zile siku 28.